Kipuri cha Marehemu

Uvumi ule uliletwa na jirani yangu Aynalem, pamoja na kahawa ya pili, na mpaka leo haujanitoka.

"Mmesikia ya yule kijana wa bondeni?" alisema, huku akipuliza kikombe. "Fundi wa mashine za hospitali. Si alikwenda Ujerumani? Basi yuko gerezani. Alitengeneza mashine, wakamlaza mtoto mchanga humo, mtoto akafa. Hata mama yake haruhusiwi kumpigia simu."

"Kijana gani? Wa nani?"

"Mimi nitajuaje wa nani? Wa bondeni huko. Haki ya Maria, watu wote wanajua."

"Watu wote wanajua, lakini jina hulijui."

"Zenebech, kunywa kahawa yako."

Nilikunywa. Binti yangu Mahlet naye ni fundi wa vifaa tiba, na siku zile zile alikuwa ameitwa Ujerumani.

Mimi niliishia darasa la sita, kwa hiyo nitaeleza nilivyoelewa. Kulikuwa na hospitali kule iliyomtaka kazini. Lakini kule mtu hasemi tu mimi ni fundi akapewa bisibisi. Kuna ofisi inayopima kama ulichosoma kwenu ni sawa na wanachosoma wao. Waliangalia cheti cha Mahlet wakaona hakisemi vya kutosha, wakamwambia aje aonyeshe kwa mikono, mbele ya wapimaji. Akifaulu, anatambuliwa kuwa fundi na kazi ni yake. Akishindwa, anarudi nyumbani, na nyumbani nafasi yake imeshachukuliwa na mtu mwingine.

Wenzangu waliniuliza kwa nini nilikuwa sili. Nilikuwa simuogopei kushindwa. Kushindwa kuna dawa, mtu anarudi kwao anakula injera ya mama yake, mkate wetu mpana wa unga wa teff. Nilikuwa namuogopea gereza la Aynalem.

Hapa kwetu Ethiopia, katika mji huu wetu wa baridi, mashine ya hospitali ikifa haizikwi. Inapelekwa kwenye kibanda cha mabati nyuma ya chumba cha kufulia, na mafundi wanakiita makaburini. Nyingi ni za msaada, zilikuja bila kitabu cha maelezo, na waliozitengeneza ukiwaandikia hawajibu. Fundi akikosa kipuri anakwenda makaburini, anafungua iliyokufa, anachomoa kinachofaa, anakitia kwenye inayougua. Mahlet alikuwa na kipaji hicho kuliko wote. "Marehemu ametoa sadaka," alikuwa akisema akitoka kibandani na kijidude mfukoni, na wauguzi wanampigia vigelegele. Watoto wangapi wa mji huu wamepumua kwa sadaka za marehemu, Mungu ndiye anayejua. Sisemi alikosea. Hakukuwa na njia nyingine.

Kazi yake ya mwisho kabla ya kuondoka ilikuwa lile sanduku la kioo lenye joto, wanamolazwa watoto njiti. Yako kadhaa wodini. Hili ni la dirishani. Kijidude chake cha kupima joto kilikufa. Mahlet akaenda makaburini, akapata kingine kwenye sanduku la aina tofauti, akakichonga kidogo kikaingia. Akaweka humo kipimajoto cha kioo, akakuta vinasema namba moja. Akafunga, akanawa mikono, akaja kuaga.

Lakini nimeruka habari ya Fikadu, nayo lazima niiseme.

Fikadu ni dalali wa karatasi. Ana ofisi juu ya duka la viatu, na ukutani kuna picha za miji yenye theluji. Tulikwenda kwake ili aiweke sawa barua ya kazi za Mahlet, ile inayoeleza alitengeneza nini na vipi.

"Tunaandika kwamba mashine zote alizitengeneza kwa vipuri vipya vya kiwandani," alisema.

"Lakini si kweli, kaka Fikadu," Mahlet akamwambia.

"Binti, kweli ni ya kanisani. Ukiwaambia ulichomoa kitu kwenye mashine mbovu ukatia kwenye ya mgonjwa, watakuona mchawi."

"Na wakiniuliza?"

"Nani akuulize? Kule wanaangalia karatasi, hawaangalii mikono."

Mimi nikaingilia. "Kama hawaangalii mikono, mbona wanamwita akaionyeshe?"

Akacheka mpaka kiti kikalia. "Mama, wewe angalia injera yako isiungue."

Ndivyo barua ilivyokwenda. Mkuu wa mafundi wa hospitali yetu alikuwa na haraka, akatia sahihi bila kusoma. Mahlet aliitazama muda mrefu, kisha akaikunja. Nilimwona. Ana umri wa mtu mzima, lakini uso ulikuwa ule wa utotoni alipokuwa akificha kikombe kilichovunjika.

Alipofika kule akawa ananipigia kila asubuhi. Aliniambia baridi ni kama ya kwetu, mkate ni mgumu, watu hawapigi kelele.

"Tena, mama, hapa wananiita Bi Shiferaw."

"Shiferaw si baba yako, Mungu amrehemu? Wanamwitia nini marehemu?"

"Ndiyo kawaida yao. Jina la pili ndilo la ukoo."

"Wewe waambie jina lako ni Mahlet."

"Nimewaambia. Wamesema ndiyo, Bi Shiferaw."

Yeye alicheka. Mimi sikucheka. Niliona si heri, mtoto anakwenda kwenye mtihani na anayeitwa mlangoni ni mtu tuliyemzika.

Siku ya mtihani alinipigia akiwa nje ya chumba. Sauti yake ilikuwa nyembamba. Nikatafuta neno la kumtia moyo, na nilikuwa nalo zuri. Binti yake Aynalem alikuwa amejifungua kabla ya wakati, mtoto wa kike mdogo kama njiwa, na walikuwa wamemlaza kwenye mashine ya Mahlet.

"Ile ya dirishani," nikamwambia. "Aynalem hana usemi mwingine. Kila anayemkuta anamwambia, mjukuu wangu yumo mikononi mwa Mahlet. Na anapendeza! Jana nilimwona, mwekundu kama nyanya."

"Mwekundu?"

"Mwekundu, ndiyo. Damu imejaa. Bibi yake anasema ndiyo afya."

Nikasikia kwa mbali mtu anaita, "Bi Shiferaw." Simu ikakatika.

Nikarudi kwenye injera. Mimi ni mpika injera, nyumba yangu iko nyuma ya ukuta wa hospitali, na wauguzi na madaktari wanakula mkono wangu. Nilimimina rojo kwenye kikaango cha udongo, nikafunika, nikafunua, nikamimina. Moyo haukuwa hapo. Kila mlango wa jirani uliogongwa niliona ni polisi wamekuja kuniuliza mimi ni mama wa nani.

Simu ikalia tena, na jua lilikuwa halijafika hata kichwani. Nilijua mtihani ni wa siku nzima. Mtu anayepiga simu katikati ya mtihani wa siku nzima ni mtu aliyetolewa nje.

"Wamekufunga?" nikauliza. Sikumsalimu hata.

"Mama, nisikilize, usiulize kitu. Hospitali nimepiga hawapokei. Kimbia wodini. Ile mashine ya dirishani, kile kipuri cha marehemu nilikipima mara moja tu, huenda sasa kinasema uongo. Mtoto si mwekundu kwa afya. Anaungua. Waambie waweke kipimajoto cha kioo humo ndani, wasiamini skrini. Wamtoe."

"Mahlet..."

"Kimbia, mama!"

Nilikimbia na rojo mikononi mpaka viwikoni. Nyuma yangu injera iliungua, harufu ikanifuata mpaka getini. Mlinzi alinipungia akidhani nimeleta chakula. Miguu yangu si ya kukimbia tena, na njiani sikuwa nikimwomba Maria ampe mtoto uhai tu. Nilikuwa nikisema, mtoto wa watu, na mtoto wangu, mtoto wa watu, na mtoto wangu. Hajabatizwa bado yule mdogo, hata jina la kuombewa hana. Na akifa, wa kwangu ndiye muuaji, na uvumi wote ni kweli, isipokuwa kijana wa bondeni ni binti wa nyuma ya ukuta.

Muuguzi wa zamu ile alikuwa Sista Bezawit. Alinizuia mlangoni kwa mikono miwili.

"Mama Mahlet! Na unga huo unakwenda wapi? Hapa si jikoni kwako."

"Mtoeni mtoto kwenye mashine ya dirishani."

"Nani amesema?"

"Aliyeitengeneza."

"Aliyeitengeneza yuko Ulaya. Njoo uone mwenyewe." Akanionyesha skrini kupitia kioo. "Thelathini na nne. Sawasawa kabisa. Tangu jana haijasogea hata kidogo."

"Ndiyo hiyo isiyosogea anayoiogopa. Weka kipimajoto cha kioo humo ndani. Nakuomba, mwanangu, nitakupigia magoti."

"Ukipiga magoti na huo unga utanitelezeshea wagonjwa. Nenda nyumbani, presha yako imepanda."

Aynalem alikuwa ameketi kwenye benchi kando ya binti yake. Alisimama polepole. Nilitegemea maneno, kwa sababu Aynalem ninayemjua mimi hamezi neno. Alinitazama mikono, akamtazama mjukuu wake ndani ya kioo, akamgeukia muuguzi.

"Weka," alisema.

"Mama Aynalem, skrini inasema..."

"Nimesema weka! Kama ni uongo utanicheka mpaka mwaka mpya!"

Sista Bezawit akachukua kipimajoto, akakipangusa, akakiingiza kwenye kile kitundu cha mkono, akakilaza kando ya mtoto. Tukasimama. Mtoto alikuwa anahema kwa kasi, mdomo wazi, bila kulia. Ndipo nilipoona kwamba halii. Mtoto mwenye afya analia.

Bezawit akakitoa, akakigeuza kwenye mwanga wa dirisha. Nilimwona anakisoma mara ya pili. Ilikuwa imepita thelathini na tisa.

Alifungua kioo, akambeba mtoto, akamfungua binti yake Aynalem kifua, akamlaza mtoto pale, ngozi kwa ngozi, akapaza sauti kumwita daktari. Mimi niliegemea ukuta kwa mikono yote miwili. Kuta zilibaki na alama za rojo langu.

Mtoto yule yu hai. Naandika hili mapema ili msiendelee kusoma kwa roho juu kama nilivyokuwa mimi. Walimpa maji kwa matone, akalia jioni ile, na kilio chake kilisikika mpaka kwangu.

Sasa niwaambie kilichotokea kule chumbani, kama Mahlet alivyonisimulia baadaye.

Wapimaji walimpa mashine mbovu ya kusukuma dawa kwenye mshipa. Rafu ya vipuri ilikuwepo, lakini alichokihitaji hakikuwepo. Chini ya meza kulikuwa na mashine nyingine kama ile, imekufa, imebandikwa stika nyekundu, maana yake isiguswe. Mwanangu hakufikiri mara mbili. Aliinama, akaifungua, akachomoa, akatia. Mashine ikawaka, ikalia ule mlio wa kuamka. Akatabasamu. Kwetu hapo wangepiga vigelegele.

Hakuna aliyepiga. Mpimaji mkuu, mama mmoja mwenye nywele fupi nyeupe, akamuuliza, "Umejuaje kwamba hicho kipuri kinasema kweli?"

"Mashine inafanya kazi."

"Sikuuliza kama inafanya kazi."

Akaleta chupa yenye mistari ya kupimia, akaiwasha mashine. Skrini ikawa inasema dawa inakwenda sawa. Kwenye chupa ilikuwa inakwenda karibu mara mbili. "Mgonjwa wako amekufa," akasema yule mama, wala hakusema kwa hasira, "na skrini inasema mzima."

Mahlet ananiambia hapo ndipo aliposikia sauti yangu. Mwekundu kama nyanya. Akavua glavu.

"Naomba simu yangu."

Simu zilikuwa zimefungiwa kwenye sanduku. "Bi Shiferaw, ukitoka kabla ya mwisho, mtihani wako umekwisha. Ndiyo sheria."

"Basi umekwisha," akasema, akachukua simu, akatoka.

Nilipomsikia akinisimulia hayo nilifurahi kwa nusu saa. Kisha woga ukarudi, mkubwa kuliko wa kwanza. Kwa sababu alirudi chumbani, wakamkalisha, wakaiweka mezani ile barua ya Fikadu.

"Hapa imeandikwa ulitumia vipuri vipya tu," yule mama akamwambia. "Lakini mikono yako imekwenda kwenye stika nyekundu bila kuuliza. Tuamini kipi?"

"Mikono," Mahlet akajibu. Akawaeleza yote: kibanda, marehemu, sanduku la dirishani, mtoto. Mwenyewe. Mbele ya watu wanaoandika.

"Umewaambia?" nikapiga kelele kwenye simu. "Umewaambia na la mtoto?"

"Nimewaambia, mama."

"Fikadu alikwambia nini!"

"Fikadu hakuwepo wakati kipimajoto kinatolewa. Wewe ulikuwepo."

Wakamwambia angoje jibu. Nami nikangoja huku, na kungoja kwangu hakukuwa kwa kupumzika. Fundi aliyeachiwa kitengo, aliposikia, alichukua kipimajoto akazunguka na kukagua kila sanduku aliloligusa Mahlet. Moja zaidi lilikutwa linadanganya, kwa upande wa baridi. Yakatolewa yote mawili. Mengine yalikuwa sawa. Sasa masanduku hayatoshi, na watoto njiti wanalazwa vifuani mwa mama zao kwa zamu, na kuna baba mmoja aliniambia getini, "Bora yenye uongo kuliko kutokuwa nayo."

Aynalem hakuja kunywa kahawa kwangu siku nyingi. Alipokuja alikaa mahali pake, akashika kikombe, akasema, "Mwanao karibu aniulie mjukuu."

"Najua."

"Na mwanao ameniokolea mjukuu."

"Najua hilo pia."

"Basi niambie nikasirike au nishukuru, maana mimi nimechoka kuchagua."

"Kunywa kahawa yako, Aynalem."

Akanywa zote tatu za desturi yetu, mpaka ya mwisho, tunayoiita ya baraka.

Jibu lilikuja. Hawakumfunga. Wala hawakumtambua kuwa fundi. Waliandika kwamba ujuzi wake ni sawa na wao kwa sehemu. Kwamba anajua kutafuta ugonjwa wa mashine, hajui kuthibitisha kwamba imepona. Hospitali ile imempokea kama mwanafunzi kazini, chini ya fundi mwingine, mwaka mzima, na katika mwaka huo haruhusiwi kutia sahihi kwenye mashine yoyote. Kisha atapimwa upya. Akishindwa tena, ndiyo mwisho. Ile barua ya Fikadu wameitoa kwenye faili lake, na wamemwonya kwamba mwingine angefukuzwa palepale kwa kuileta. Kwa nini yeye hawakumfukuza, anasema hakuuliza.

Kwa hiyo bado naogopa. Woga wangu umehama tu, haujaondoka.

Juzi nilikwenda sokoni kununua teff, nafaka ya injera. Mwanamke nisiyemjua, wa kutoka upande wa barabara kuu, alikuwa anampimia mteja huku anasimulia. "Hamjasikia? Kuna fundi wa mji huu, msichana, mama yake anauza injera. Yuko gerezani Ujerumani. Mashine yake imeua mtoto."

"Mtoto yuko hai," nikasema.

"Wewe unajuaje?"

"Nilikuwepo."

Akanitazama kwa huruma, kama anavyotazamwa mtu asiye na habari. "Dada, watu wote wanajua."

Nikarudi nyumbani na gunia langu. Njiani nikawa namfikiria yule kijana wa bondeni, kama yupo, na mama yake, kama yupo. Ndiyo maana nimeandika, kabla habari ya mwanangu haijawafikia ikiwa imeshakufa na kuoza. Mwenye mtoto fundi anayetaka kwenda nje, aepuke haya:

Usimwache dalali aandike kazi za mtoto wako. Aandike mwenyewe, kama alivyozifanya.

Asiandike vipuri vipya kama vilikuwa vya makaburini.

Asiseme "inafanya kazi" akiulizwa kama inasema kweli.

Asiguse kitu chenye stika nyekundu, hata kama anajua dawa yake. Aandike kwamba kipuri hakuna, aiache.

Asiondoke nyumbani bila kuwaachia wenzake majina ya mashine zote alizozitia vya marehemu.

Asitegemee skrini. Anunue kipimajoto cha kioo.

Asiache kazi ya nyumbani kabla ya jibu la ofisi.

Asifiche kosa akishalijua, hata mlango wa mtihani ukiwa unafungwa.

Usimsifu mtoto njiti kwa kuwa mwekundu.

Usibebe uvumi usio na jina la mtu.